Kutoka Kisu hadi Marhamu: Historia ya Tiba ya Likeni Sklerosasi ya Uke wa Nje

Makala hii inafuatilia tiba ya likeni sklerosasi, ugonjwa wa kudumu wa ngozi ya uke wa nje, tangu mwishoni mwa karne ya 19. Hoja yake ni kwamba kinachoitwa usugu wa maradhi mara nyingi ni usugu wa mazoea ya tiba.

Ugonjwa huu hupausha na kusinyaza ngozi, huleta mwasho mkali, na usipodhibitiwa huweza kuzaa saratani. Hallopeau aliueleza nchini Ufaransa mwaka 1887. Miaka miwili kabla yake, Breisky wa Prague alikuwa ameandika juu ya kusinyaa kwa uke wa nje kwa jina jingine. Mkanganyiko wa majina na hofu ya saratani viliwafanya madaktari wa Ulaya na Marekani wakimbilie kisu: kwa miongo kadhaa wanawake wengi waliondolewa uke wa nje. Hata hivyo ugonjwa ulirejea, hata kwenye ngozi iliyopandikizwa.

Baadaye marhamu ya testosteroni ilishika nafasi ya kisu. Katika miaka ya 1990, klobetasoli ya asilimia 0.05, steroidi kali iliyoogopwa kupakwa mahali laini kama hapo, ilidhihirika kuwa bora zaidi. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuatilia wanawake 507: miongoni mwa 357 waliozingatia matibabu hakuna aliyepata saratani ya uke wa nje wala mabadiliko yake ya awali, miongoni mwa 150 waliolegalega, 7 walipata mojawapo.

Kwa wasiopata nafuu, takrolimasi ni njia mbadala, ingawa jaribio la mwaka 2014 lilionesha kuwa klobetasoli huishinda. Miale ya leza bado inahitaji ushahidi imara zaidi. Kabla ya kubadili dawa, daktari hana budi kuuliza: je, utambuzi ni sahihi? Marhamu ilipakwa ipasavyo? Je, kuna maambukizi au saratani iliyojificha?

Katika Afrika Mashariki, klobetasoli inajulikana zaidi kama mkorogo wa kujichubua. Ni haki kuidhibiti; lakini udhibiti usiotofautisha duka la vipodozi na chumba cha daktari utamnyima mgonjwa dawa iliyomwepusha na kisu. Sera ilinde ngozi zote mbili.