Ndugu wa Baba Mmoja na Risasi ya Usumbura

Miongoni mwa visa vinavyopendwa mno katika majumba ya sinema ni kile cha ndugu wawili wanaokula njama ya kuiba. Kisa hicho aghalabu huwa na hatua tatu: njama hupangwa, tendo hutendwa, kisha wenye njama hugeukana. Filamu ya mwisho ya Sidney Lumet, iliyotolewa mwaka 2007, ni ya namna hiyo: ndugu wawili wanakusudia kuliibia duka la vito la wazazi wao wenyewe, na anayepigwa risasi ni mama yao. Watazamaji hutoka wakiwa wamefundishwa jambo ambalo wahenga walikwisha kulinena: kikulacho ki nguoni mwako.

Mjini Bujumbura, kisa kinachofanana na hicho hakikubuniwa na mtunzi yeyote. Kilitokea tarehe 13 Oktoba 1961, wakati mji huo ulipokuwa bado ukiitwa Usumbura, na kilichokusudiwa kuibwa hakikuwa vito wala fedha. Kilikuwa ushindi wa uchaguzi. Katika makala haya tunakusudia kukieleza kisa hicho, na kuonyesha ni wapi kinapolingana na hadithi za sinema na ni wapi kinapozikataa.

Yafaa kwanza tulitazame neno ndugu. Katika Burundi ya wafalme walikuwapo watu wa ukoo wa kifalme walioitwa baganwa. Hao waligawanyika katika matawi, na mawili yenye nguvu yalikuwa Bezi, kizazi cha Mfalme Mwezi Gisabo, na Batare, kizazi cha Mfalme Ntare Rugamba. Mwezi alikuwa mwana wa Ntare. Kwa hiyo waliohasimiana walikuwa watu wa jadi moja, na ugomvi wao ulikuwa juu ya urithi mmoja. Wabelgiji, walioitawala nchi baada ya Wajerumani, waliikuta hitilafu hiyo, wakaitumia. Chifu Pierre Baranyanka wa Batare alikuwa kipenzi chao, na wanawe wawili, Joseph Biroli na Jean-Baptiste Ntidendereza, walipata elimu na vyeo. Biroli alikuwa miongoni mwa Warundi wa kwanza kusoma katika chuo kikuu cha Ulaya.

Upande wa pili alisimama Louis Rwagasore, mwana wa Mfalme Mwambutsa wa Nne, aliyezaliwa Gitega mwaka 1932. Aliporudi kutoka masomoni Ubelgiji, alianzisha mwaka 1957 ushirika wa wafanyabiashara, kisha akawa kiongozi wa chama cha UPRONA kilichodai uhuru wa haraka. Kwetu sisi walimu wa Kiswahili kuna jambo lisilofaa kupitwa hapa. Mwana huyo wa mfalme hakutafuta nguvu zake katika makao ya machifu peke yake. Alizitafuta pia mjini, kwa wachuuzi na mafundi wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili na Waislamu, watu ambao serikali ya kikoloni iliwahesabu kuwa wageni katika nchi waliyoishi. Isitoshe, alijenga urafiki na Julius Nyerere na wana TANU ng'ambo ya ziwa. Kiswahili kilikuwa lugha ya soko na ya mtaa. Katika siasa hizo kikawa pia lugha ya kudai uhuru.

Mwaka 1960 wana wa Baranyanka walikuwa viongozi wa Chama cha Kidemokrasi cha Kikristo, PDC, kilichopendelewa na watawala. Chaguzi za mitaa zilipofanyika mwezi wa Novemba mwaka huo, Rwagasore alikuwa amezuiliwa na serikali asiweze kufanya kampeni, na PDC ikashinda. Ntidendereza akawa Waziri wa Mambo ya Ndani katika serikali ya mpito. Lakini tarehe 18 Septemba 1961, katika uchaguzi wa bunge uliosimamiwa na Umoja wa Mataifa, UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64. Mwishoni mwa mwezi huo Rwagasore akawa Waziri Mkuu.

Alikaa katika cheo hicho wiki mbili na ushei tu. Usiku wa tarehe 13 Oktoba alikuwa akila chakula pamoja na wenzake wa serikali katika Hoteli Tanganyika, karibu na ziwa, alipopigwa risasi akafa. Alikuwa na umri wa miaka 29. Aliyefyatua bunduki alikuwa Mgiriki, Jean Kageorgis. Alikamatwa muda si mrefu, na katika maelezo yake akawataja wengine. Hapo ndipo kisa kinapoifuata kabisa kawaida ya sinema: njama iliyofungwa kwa siri ilifunguka mara tu mmoja alipotiwa mbaroni.

Lakini yaliyofuata hayaenei katika kisa cha saa mbili. Katika kesi ya kwanza, chini ya utawala wa Kibelgiji, Kageorgis alihukumiwa kifo. Akauawa tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Wana wa Baranyanka walipewa vifungo. Baada ya uhuru, Mahakama Kuu mpya ya Burundi ilipewa uwezo wa kuisikiliza kesi upya, na watu watano wakahukumiwa kifo: Biroli, Ntidendereza, Antoine Nahimana, Jean Ntakiyica, na Mgiriki wa pili, Michel Iatrou. Walinyongwa hadharani mjini Gitega tarehe 15 Januari 1963, mbele ya maelfu ya watu. Je, ilikuwa haki, au ilikuwa kisasi kilichovaa joho la hakimu? Wapo waliosema kwamba damu ya Rwagasore haikuweza kulipwa kwa vifungo. Wapo pia waliosema kwamba mtu hahukumiwi mara mbili kwa kosa moja. Sisi twaona kwamba taifa changa lilikuwa na sababu ya kuwa na uchungu, lakini sheria iliyopindwa kwa ajili ya uchungu hainyooki upesi. Miaka miwili kamili baada ya siku ile ya Gitega, tarehe 15 Januari 1965, Waziri Mkuu Pierre Ngendandumwe naye aliuawa kwa risasi mjini Bujumbura. Na mwezi wa Novemba 1966 ufalme wenyewe ukaondolewa.

Lipo na swali jingine. Wahenga walituusia kwamba ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kikapu ukavune. Katika kisa hiki yuko aliyechukua kikapu wakati wa ugomvi. Waandishi wawili wa Ubelgiji, Guy Poppe na baadaye Ludo De Witte, aliyechapisha kitabu chake mwaka 2021, wameyachunguza mauaji hayo, na De Witte ameshikilia kwamba wakubwa wa Kibelgiji waliokuwa Usumbura hawawezi kuepa lawama. Mwaka 2018 serikali ya Burundi ilitoa shutuma kama hiyo waziwazi. Basi anayekisimulia kisa hiki kuwa cha ndugu wawili waovu peke yao huwa amewasahau waliokuwa nyuma ya pazia. Naye anayewataja Wabelgiji peke yao huwa amewaondolea ndugu hao hiari yao, kana kwamba hawakuwa watu wazima.

Rwagasore amezikwa kilimani Vugizo, juu ya mji, na tarehe 13 Oktoba ni siku ya kumbukumbu nchini Burundi. Kumbukumbu ya serikali ina hotuba na mashada ya maua. Kumbukumbu ya Buyenzi ni ya mdomo, na ni ya Kiswahili. Walioyaona mambo hayo wakiwa vijana sasa ni wazee sana, tena wachache. Tunawaomba walimu wenzetu walioko Bujumbura wawatume wanafunzi wao kwa wazee hao, wakaandike kwa ufasaha yale watakayoyasikia, pamoja na maneno yenyewe yaliyotumika, maadamu wasimulizi bado wapo.