Kunasa, si kugandisha

Mpiga picha mmoja aliniambia juzi kwamba "ameyagandisha" maji yaliyoruka limau lilipotumbukia kwenye glasi. Nilimwelewa, ila neno lilinikwaza. Maji yakiganda huwa barafu. Maziwa yakiganda tunayaita mgando. Harold Edgerton wa chuo cha MIT, Marekani, alipopiga picha yake mashuhuri ya mwaka 1957, tone la maziwa likitawanyika na kusimama kama taji lenye shanga pembeni, maziwa yale hayakuganda hata kidogo.

Kazi yote ilifanywa na mwanga. Chumba hutiwa giza, kamera huachwa wazi, kisha flashi humweka kwa muda mfupi mno, pengine sekunde moja igawanywe mara 10,000. Tone halipati muda wa kusogea kwa kiasi cha jicho kuona. Na ajabu ni kwamba flashi nyingi ndogo za kamera, ukizipunguza nguvu, ndipo mwanga wake huwahi kuzimika zaidi.

Kwa kazi hiyo tunalo neno kunasa. Ulimbo humnasa ndege, naye bado yu hai, mabawa yamekunjuka. Kinasa sauti tumekuwa nacho miaka mingi, na hakuna aliyesema sauti imeganda. Tena kunasa kuna kuvizia ndani yake, jambo ambalo kugandisha hakuna: mpiga picha hudondosha tone baada ya tone, pengine jioni nzima, akingoja moja linase.