Mtandao wa kompyuta wa nyumbani

Mtandao wa kompyuta wa nyumbani ni muunganiko wa kompyuta mbili au zaidi, pamoja na vifaa kama simu na printa, ndani ya nyumba moja. Lengo lake ni kuviwezesha vifaa hivyo kupeana mafaili na kutumia pamoja printa au intaneti.

Mtandao huu si sawa na intaneti. Kompyuta zilizounganishwa hupeana mafaili hata pasipo bando wala mawimbi ya simu. Tofauti hiyo ni muhimu kwa familia zenye fedha kidogo, hasa vijijini, kwa mfano katika kata ya Kibakwe, Wilaya ya Mpwapwa, Mkoa wa Dodoma. Vifaa hununuliwa mara moja, lakini bando hulipiwa tena na tena.

Historia

Etheneti, mfumo wa kuunganisha kompyuta kwa waya, ilibuniwa kuanzia mwaka 1973 na Robert Metcalfe na David Boggs katika maabara ya kampuni ya Xerox huko Marekani. Kanuni za kwanza za mfumo usiotumia waya, unaojulikana leo kama Wi-Fi, zilitolewa mwaka 1997.

Nchini Tanzania serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, hivyo matumizi yake yalichelewa kuenea. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na nchi ikapunguza kutegemea setilaiti.

Vifaa

* Kebo: ile ya Cat5e ina nyaya 8 katika jozi 4. Urefu wake kati ya vifaa viwili usizidi mita 100.
* Swichi: huunganisha kompyuta kadhaa kwa kebo. Yenye milango 5 au 8 hutosha nyumba ya kawaida.
* Ruta: huunganisha mtandao wa nyumbani na intaneti, na kwa kawaida huvipa vifaa anwani.

Kompyuta mbili tu hazihitaji swichi. Kebo moja kati yake inatosha. Pasipo ruta, kila kompyuta inaweza kupewa anwani kwa mkono, kwa mfano 192.168.1.1 na 192.168.1.2. Anwani zinazoanza na 192.168 zimetengwa kwa mitandao ya ndani. Anwani moja isipewe vifaa viwili.

Kupunguza gharama

Simu janja inaweza kugawa bando lake kwa kompyuta kwa njia ya Wi-Fi, bila kununua ruta. Hata hivyo, kompyuta hujisasisha yenyewe na kumaliza bando haraka. Ni vema kupanga usasishaji ufanyike kwa wakati maalumu, wala si kuuzima kabisa, kwa sababu huziba mianya ya usalama.

Kompyuta zilizokwisha kutumika zinaweza kuwekewa Linux, mfumo endeshi unaopatikana bure. Programu ya Kiwix huhifadhi Wikipedia katika kompyuta moja. Nyingine husoma makala zake kupitia mtandao wa ndani. Hivyo wanafunzi wa nyumba moja hujisomea bila bando, baada ya faili kupakuliwa mara moja tu.

Kasoro na tahadhari

Mawimbi ya Wi-Fi hudhoofika yanapopita kuta nene za matofali au za udongo, kama zile za tembe. Mabati huyazuia zaidi. Katika nyumba ya namna hiyo kebo huaminika kuliko Wi-Fi.

Kebo ya shaba isipitishwe nje kutoka nyumba moja hadi nyingine, kwa kuwa radi inaweza kuunguza vifaa vya pande zote mbili na kuhatarisha watu. Wakati wa radi inafaa kuchomoa vifaa kwenye umeme mapema.

Wi-Fi iwekewe nywila ndefu. Bila nywila, yeyote aliye karibu anaweza kutumia bando au kufikia mafaili ya familia.

Tazama pia

* Intaneti
* Kompyuta
* Kibakwe