Lynn Frazier

Lynn Joseph Frazier (21 Desemba 1874 – 11 Januari 1947) alikuwa mkulima na mwanasiasa wa Marekani, gavana wa North Dakota 1917–1921 na seneta 1923–1941.

Alizaliwa Minnesota, akahamia Dakota na wazazi wake angali mtoto. Alihitimu Chuo Kikuu cha North Dakota mwaka 1901, kisha akarudi kulima karibu na Hoople.

Wakulima wa ngano walilalamika kwamba wanunuzi wa Minneapolis waliipa nafaka yao daraja la chini ili kushusha bei, huku mabenki yakiwatoza riba kubwa. Mwaka 1915 ukaanzishwa umoja wao, Nonpartisan League, uliomsimamisha Frazier kugombea ugavana mwaka uliofuata. Alishinda kwa kishindo.

Serikali yake ilianzisha Benki ya North Dakota mwaka 1919, ikaanza kujenga kinu cha unga huko Grand Forks. Vyote viwili bado ni mali ya jimbo. Lakini baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia bei ya ngano iliporomoka, wapinzani wakakusanya sahihi, na Oktoba 1921 Frazier akawa gavana wa kwanza wa Marekani kuondolewa kwa kura kabla ya muhula kwisha.

Mwaka mmoja baadaye, wapiga kura walewale walimchagua kuwa seneta.

Pamoja na mbunge William Lemke, alitunga sheria ya 1934 ya kuwawezesha wakulima wenye madeni kubaki mashambani mwao. Mahakama Kuu iliibatilisha mwaka 1935. Ikatungwa upya mwaka huohuo, na 1937 mahakama ikaikubali. Mwaka 1940 Frazier alishindwa na William Langer katika mchujo wa chama cha Republican.