Mwazindika na Mpaka Uliochorwa Baadaye

Shule za Wundanyi, kwenye milima ya Taita nchini Kenya, zinapojiandaa kwa tamasha la muziki, mwalimu wa ngoma hukabiliwa na swali kabla hata ngozi haijapashwa moto: ngoma hii ni ya ibada au ya kujifurahisha? Akisema ni ya ibada, mzazi aliyeokoka atamtoa mwanawe kikosini. Akisema ni ya kujifurahisha tu, mzee wa kijiji atamwambia anawadanganya watoto. Njia rahisi ni kunyamaza na kufundisha hatua tupu, bega hivi, mguu vile, mpaka siku ya mashindano ifike na kupita. Hoja ya makala haya ni kwamba swali lenyewe limekosewa. Katika historia ya milima ya Taita, mpaka kati ya ngoma takatifu na ngoma ya starehe haukuwa umechongwa ndani ya ngoma. Ulichorwa baadaye, mara ya kwanza na misheni na mara ya pili na jukwaa la mashindano, na mwanafunzi anayefundishwa ngoma bila kuonyeshwa jinsi mpaka huo ulivyochorwa hajafundishwa historia ya ngoma hiyo.

Tuanze na ibada yenyewe, maana wengi hudhani dini ya kale ya Wataita ilikuwa ngoma na kelele za usiku. Kwenye milima yao ya Dawida, Saghala na Kasigau, mahali patakatifu palikuwa fighi, vichaka vya msitu vilivyolindwa na wazee, ambavyo mtu hakuviingia ovyo wala kukata kuni humo. Palikuwa pia na mapango yalimowekwa mafuvu ya wazee waliofariki, yaliyofukuliwa baada ya muda na kupangwa kwa heshima mwambani. Tendo kuu la ibada liliitwa kutasa. Grace Harris, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyeishi Taita kati ya 1950 na 1952, ndiye aliyelieleza kwa kirefu zaidi, na kitabu chake cha 1978 kimejengwa juu ya tendo hilo. Mtu anayetasa huchukua funda la pombe au la maji ya miwa, akalipuliza nje kwa mdomo likawa kama manyunyu, huku akitamka maneno ya kuitoa hasira moyoni na kuwaombea heri wa kwake. Imani iliyobeba tendo hilo ni kwamba hasira iliyofichwa na mtu mwenye haki juu yako, kama baba, mjomba au jirani uliyemkosea, yaweza kukuletea maradhi hata kama mwenyewe hajataka. Dawa ni kuitapika hasira hiyo kwa maneno. Kiini cha yote haya ni mdomo, funda na kauli. Ngoma haikuwa kitovu chake.

Basi ngoma ya pepo ilikaa wapi? Leo ukiuliza ngoma ya pepo ya Wadawida, yaani Wataita wa Dawida, jina linalotangulia ni mwazindika. Ili kujua ngoma ya namna hiyo ilibeba nini, turudi kwenye maelezo ya mapema yaliyo makini kuhusu pepo wa Taita, yaliyomo katika makala ya Harris ya 1957 juu ya hali iliyoitwa saka. Ilikuwa hali ya wanawake, hasa walioolewa, na katika baadhi ya vijiji Harris alikadiria kuwa hata nusu yao walikuwa wakipatwa nayo. Mwanamke akishikwa, mabega hutetemeka, kichwa huenda huku na huku, na mdomoni hutoka sauti za kurudiarudia zilizosemekana kuwa lugha za kigeni. Lakini tazama ni nini kilichomshika. Kiberiti kikiwashwa, gari likipita, filimbi ya treni ikilia huko chini tambarare; au tamaa ya sukari, ya sigara, ya kitu ambacho mume alikuwa nacho na mke hana. Ngoma ilipochezwa kwa ajili yake, mgonjwa na wenzake walivaa mavazi yenye asili ya wanaume na ya wageni, kofia na mikanda, na kushika fimbo mkononi.

Orodha hiyo ya vitu haikutoka msituni. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na ikafika Ziwa Victoria 1901, ikipitia Voi chini ya milima. Kabla ya hapo hapakuwa na filimbi ya treni ya kumshtua mtu Taita. Kofia na fimbo zilikwisha kupanda mlimani pamoja na misafara ya pembe za ndovu na wafanyabiashara wa pwani. Kwa maneno mengine, ngoma ya saka ilikuwa inaandika habari za wakati wake. Ni jamaa ya beni, ngoma ya pwani iliyoiga bendi za kijeshi na vyeo vya Wazungu, ambayo Terence Ranger aliiandikia kitabu mwaka 1975 kuonyesha kwamba mchezo wa vijana waweza kuwa kumbukumbu ya utawala mzima. Tofauti ni kwamba beni ilikuwa hasa ya wanaume waliotamani cheo, na saka ilikuwa ya wanawake ambao hawakurithi shamba wala ng'ombe, na fedha za sukari zilitoka mkononi mwa mume. Mke akiomba sukari mchana aliweza kunyimwa. Pepo akiiomba kwa mdomo wake, mbele ya kijiji kizima kilichokuja kusikiliza ngoma, mume alilazimika kufikiri mara mbili.

Je, hiyo ilikuwa ibada au starehe? Mgonjwa alikuwa anatibiwa, kwa hiyo mtu angeweza kusema ibada. Lakini watu walikuja kutazama, vijana walikuja kuonana, na wapigaji walishindania sifa, kwa hiyo mwingine angeweza kusema starehe. Hakuna aliyehitaji kuchagua. Neno lenyewe la Kiswahili, ngoma, limebeba chombo, mchezo, sherehe na hata tiba ya pepo bila kuona tabu. Zaidi ya hapo, Harris aliandika kwamba njia mojawapo iliyotajwa ya kumaliza saka ni mwanamke kuwa Mkristo. Jambo hilo halipaswi kupitwa haraka. Wenyeji waliiweka ngoma ya pepo na ubatizo kwenye rafu moja ya dawa, wakati mhubiri alidhani ameleta kitu kinachokanusha kila kilichomo kwenye rafu hiyo.

Hapo ndipo mstari wa kwanza ulipochorwa. Johannes Rebmann alipita Taita 1848 akielekea Kilimanjaro, lakini misheni ya kudumu ilianza 1883, J. A. Wray wa Church Missionary Society alipopanga makao Saghala. Mapadre wa Roho Mtakatifu wakafungua misheni ya Bura 1892. Wote walikuja na kabati lenye sehemu mbili, ya Mungu na ya shetani, na wakaanza kupanga. Kutasa kuliwasumbua, kwani kulifanana mno na sala. Ngoma haikuwapa shida. Ilikuwa na jasho, giza, pombe na wanawake waliovaa kofia za wanaume, na kwa mmisionari wa zama za Malkia Victoria hayo yalitosha kuwa ushahidi. Hivyo kitu ambacho hakikuwa kitovu cha dini ya Wataita ndicho kilichopewa jina la upagani wao. Haki inatudai tuongeze kwamba wamisionari hawakuwa peke yao. Bill Bravman, katika kitabu chake cha 1998 juu ya jinsi utaita wenyewe ulivyojengwa, anaonyesha kuwa mambo tunayoyaita mila ya Wataita yalibishaniwa na Wataita wenyewe, wazee dhidi ya vijana, wasomi dhidi ya wasiosoma, enzi za ukoloni. Kijana aliyekataa kutasa au kucheza ngoma hakuwa kibaraka wa mzungu siku zote. Mara nyingine alikuwa anagombana na baba yake kuhusu mamlaka, na kanisa lilimpa pa kusimama.

Mstari wa pili ulichorwa kwa nia njema zaidi. Tamasha la muziki la Kenya lilianza 1927 likiwa la Wazungu, na baadaye likafunguliwa kwa shule za Waafrika na kwa nyimbo na ngoma zao. Bomas of Kenya ikaanzishwa 1971 ili ngoma za makabila zichezwe chini ya paa moja kwa watalii na wananchi. Mwaka 1982 Rais Moi aliunda tume ya muziki iliyoongozwa na Washington Omondi, na mfumo wa elimu wa 8-4-4 wa 1985 ukaipa sanaa nafasi darasani kabla ya mitihani kuibana tena. Hatua zote hizo zilihitaji ngoma iwe kitu cha kuchezwa mbele ya majaji, kwa dakika chache, na watoto wa dini zote. Kwa hiyo kile ambacho misheni ilikiita cha shetani sasa kikaitwa burudani ya kiasili. Mduara ulifunguka ukawa safu inayotazama meza ya waamuzi. Mtetemeko wa bega, ambao kwa mgonjwa wa saka ulikuja wenyewe na kuondoka wenyewe, sasa unaanza kwa kipenga na kukoma kwa kipenga, mabega ishirini kwa pamoja. Ni kazi nzuri ya mazoezi, na hakuna haja ya kuidharau. Lakini mtoto hajui kwa nini bega litikisike badala ya kiuno.

Kuna pingamizi mbili ambazo haziwezi kupuuzwa. Ya kwanza ni ya mzazi Mkristo au Mwislamu anayesema kuwa kumfundisha mtoto ngoma ya pepo, kwa jina lolote, ni kumfungulia pepo mlango. Dhamiri yake iheshimiwe, na mtoto asilazimishwe kucheza. Ila kufundisha kwa nini bibi wa Wundanyi wa 1951 alishtuka kusikia kiberiti si kumwita pepo, kama vile kufundisha historia ya Roma si kumwabudu Jupita. Mzazi huyo huyo atakubali mwanawe asome habari za reli na za kodi. Saka ni sura ya historia hiyo hiyo iliyoandikwa kwa mwili wa mwanamke, na pengine ndiyo sura pekee ambamo mwanamke huyo anasikika.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi, na hutoka kwa wapenda mila. Wanasema ngoma ikitolewa mahali pake hufa, na kwamba jukwaa ni kaburi lenye taa. Jibu langu ni swali: mahali pake ni wapi? Ngoma iliyobeba kofia ya mgeni na hofu ya treni ilikuwa imehama tangu zamani, na kuhama ndio uhai wake. Mfano wa mbali unasaidia hapa. Katika mji wa Cebu huko Ufilipino, wauza mishumaa nje ya kanisa la Mtoto Yesu hucheza hatua za sinulog, mbele na nyuma, wakimwombea mnunuzi. Tangu 1980 hatua hizo hizo hujaza barabara kila Januari katika mashindano ya vikundi vyenye mavazi ya kumetameta. Hakuna aliyeufuta mchezo mmoja kwa ajili ya mwingine, na mwalimu wa Kifilipino anayefundisha sinulog huwa na vitu viwili vya kuonyesha: hatua, na anayechezewa. Nchini mwao kazi hiyo ya kufundisha ngoma shuleni ina mwasisi. Francisca Reyes Aquino alizunguka vijijini miaka ya 1920 akirekodi ngoma, akaandika tasnifu 1926, kisha akazitia shuleni zikiwa zimehesabiwa hatua kwa hatua. Wapo wanaomlaumu kwa kuzinyoosha mno. Hata hivyo alichokiandika kipo, na lawama zenyewe zimepata cha kushika.

Nawakubalia wapenda mila jambo moja bila kusita. Yapo mambo ya Taita ambayo hayastahili jukwaa hata kidogo, nayo ni yale ambayo wazee wenyewe waliyawekea mpaka kabla ya misheni kufika: mafuvu mapangoni na yanayofanyika ndani ya fighi. Hapo mpaka ni wa kweli, na una wenyewe. Na kwa kuwa kutasa ndilo tendo kuu la ibada, kikosi cha shule kinachokuigiza kwa chupa ya soda ili kupata alama kinakosea zaidi ya kile kinachocheza mwazindika uwanjani, ingawa kwa macho ya wengi leo ni kinyume. Huo ndio upotovu mkubwa zaidi ulioletwa na ile mistari miwili: tunaogopa ngoma iliyokuwa wazi kwa kijiji kizima, na tunachezea tendo ambalo babu alilifanya kwa moyo uliotulia.

Kwa hiyo mwalimu wa Wundanyi anayetaka kulifanya jambo hili vizuri asianze na hatua. Aanze na maswali: nani alichezewa, nani alilipa, mume alisimama wapi, kofia ilitoka duka gani, ngoma ilikoma kwa sababu mgonjwa amepona au kwa sababu kumekucha. Kisha awaache wanafunzi wacheze, atakaye. Mitaala ya sasa, iliyoanza kuingia shuleni 2017, inamtaka mwanafunzi atafute ujuzi katika jamii yake, na kwa mara hii moja serikali imeomba kitu ambacho kijiji kinacho. Lakini aende mapema. Msichana aliyekuwa na miaka ishirini wakati Harris anaandika madaftari yake huko Taita, kama yu hai leo, amepita tisini.