Mkunazi na Mizani: Historia ya Kupima Dawa za Mimea



Mkunazi ni mti tunaoujua katika furaha na katika msiba. Watoto hula kunazi zake, na majani yake hutiwa katika maji ya kuoshea maiti. Kwa Kiarabu huitwa sidr, na umetajwa katika Qur-aan, katika Suratu Saba-a, An-Najm na Al-Waaqi‘ah. Hapa Uganda huota zaidi kaskazini kwenye ukame. Sisi wa Kampala mara nyingi tunaukuta dukani ukiwa umeshakuwa unga ndani ya pakiti. Na unga hauna sura. Basi mnunuzi atajuaje kuwa ni kunazi kweli, na kuwa faida aliyoitaka bado imo?

Swali hili si geni. Tulitazame katika historia.

Macho, pua na ulimi

Ibn Siinaa, aliyefariki mwaka 1037, aliweka katika kitabu chake Al-Qaanuun kanuni za kuijaribu dawa. Miongoni mwake ni kuwa dawa iwe safi, haikuingiwa na kitu cha kuibadilisha tabia yake. Katika karne ya 12, Ash-Shayzarii wa Shamu aliandika mwongozo wa muhtasib, yaani msimamizi wa soko. Humo alieleza jinsi wauzaji walivyochanganya afyuni ya Misri na utomvu wa mimea mingine, na jinsi ya kuwagundua kwa kuiyeyusha afyuni majini na kuinusa. Udanganyifu wa dawa, basi, ni wa zamani, na kuukagua pia ni kwa zamani.

Lakini pua haiwezi kusema kiasi. Inaweza kusema hiki ni kitu gani, isiseme kimo kingapi.

Somo la mti wa kwinini

Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walitoa kwinini kutoka katika magamba ya mti wa sinkona. Kuanzia hapo iliwezekana kuipima. Mwaka 1865 Wadachi walinunua mbegu za sinkona kutoka kwa Charles Ledger, zilizokusanywa Bolivia na Manuel Incra Mamani, wakazipanda Java. Walipoyapima magamba ya miti hiyo, baadhi yake yalikuwa na kwinini zaidi ya asilimia 10, ilhali magamba mengi ya biashara wakati ule yalikuwa na asilimia chache tu. Yote yaliitwa sinkona. Mgonjwa wa malaria aliyepewa gamba dhaifu alidhani amekunywa dawa, kumbe amekunywa uchungu mtupu. Miti hiyo ilifika hata kwetu: Wajerumani waliipanda Amani, Tanga, na kwinini imetengenezwa Bukavu kutokana na sinkona ya Kivu.

Somo ni hili: jina moja si nguvu moja.

Rangi zilizotengana

Mwanzoni mwa karne ya 20, mtaalamu wa mimea wa Urusi, Mikhail Tswett, alipitisha maji ya majani katika mrija uliojazwa unga wa chokaa. Rangi zikatengana, kila moja ikakaa mahali pake. Njia hiyo aliiita kromatografia. Mashine za maabara za leo ni watoto wa mrija ule.

Kwa kunazi hufanywa hivi. Unga hupimwa uzito, hulowekwa katika spiriti na maji, huchujwa, kisha husukumwa kwa nguvu ndani ya mrija mwembamba. Kila kiungo hutoka kwa wakati wake na mashine huchora mlima. Mlima huo hulinganishwa na ule wa kiungo safi ambacho kiasi chake kinajulikana. Katika tunda hutafutwa flavonoidi kama rutini, na katika mbegu za jamii ya Kichina hutafutwa saponini iitwayo jujubosaidi A. Kitabu rasmi cha dawa cha China kimeweka kiwango cha chini cha saponini hiyo. Vitamini C nayo hupimwa, kwani tunda bichi huwa nayo nyingi na hupungua linapokaushwa. Aina ya mti, udongo, kuiva na kuhifadhi, vyote hubadilisha hesabu.

Na hapa Kampala

Mji wetu una sehemu katika historia hii. Tangu miaka ya 1960 ipo Wandegeya taasisi ya serikali ya utafiti wa dawa za asili, NCRI, inayochunguza mitishamba ya waganga wetu. Mamlaka ya Dawa ya Taifa, NDA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993, na sheria ya tiba za asili ikapitishwa mwaka 2019. Mwaka 2021, wakati wa korona, watu waliigombania dawa ya mitishamba ya Covidex. NDA kwanza ilitahadharisha, kisha mwishoni mwa Juni ikairuhusu kama dawa ya kusaidia matibabu tu, si ya kuponya korona. Wengi walikasirika kwa kucheleweshwa. Lakini bila kipimo, kila mwenye chungu na chupa angeuza chochote kwa familia zilizokuwa na hofu.

Tukumbuke mpaka wa kipimo. Maabara hutuambia kilichomo na kiasi chake. Haisemi kuwa kitamponya mgonjwa. Hilo linataka majaribio kwa watu.

Tufanye nini?

1. Tuulize unga umetoka wapi, umekaushwa lini na umesajiliwa na nani.
2. Tusiache dawa ya hospitali kwa sababu ya pakiti.
3. Vijana wetu wanaosoma kemia na famasia Makerere na Mbarara waione kazi hii kuwa ni amana.

Suratul-Mutaffifiin inawaonya wanaopunja vipimo. Zamani kipimo kilikuwa pishi ya nafaka. Anayeuza unga wa kunazi usio na kunazi naye amepunja, ingawa mizani yake ya dukani iko sawa.

Wallaahu A‘lam.