Renton: Kijiji Kilichotwaa Ubingwa wa Dunia

Mei 19, 1888, mvua ya radi iliigeuza Hampden kuwa tope, na baadhi ya waliokuwapo walidhani mechi ingeahirishwa. Ilichezwa. (Hampden ile si hii ya leo, ulikuwa uwanja mwingine wa Glasgow wenye jina hilohilo.) Renton, waliotoka kulibeba Kombe la Uskoti, waliwatandika West Bromwich Albion mabao 4-1. Albion nao hawakuwa watu wa mchezo: miezi miwili nyuma walikuwa wamelichukua Kombe la FA la England kwa kuwafunga Preston North End 2-1. Baada ya hapo Renton hawakuona haya. Walijitangaza mabingwa wa dunia, wakayaandika maneno hayo na kuyatundika kwenye jengo la uwanja wao, Tontine Park.

Ni rahisi kucheka. Kijiji cha watu elfu chache, dunia nzima? Lakini hebu tuihesabu dunia ya kandanda ilivyokuwa mwaka ule. FIFA ingeundwa miaka 16 baadaye. Ligi ya England haikuwa imeanza; ilikuwa na miezi minne mbele. Nje ya visiwa vya Uingereza mpira ulikuwa bado ni mazoezi ya mabaharia, makarani na wanafunzi. Aliyemfunga bingwa wa England huku mwenyewe ni bingwa wa Uskoti hakuwa amebakiza wa kumfunga. Kwangu mimi, dai la Renton lina uzito kuliko mataji mengi yaliyokuja kuitwa ya dunia baadaye.

Kijiji chenyewe kiko kwenye bonde la mto Leven, mto mfupi unaotoka ziwa Loch Lomond na kwenda kumwaga maji yake katika mto Clyde pale Dumbarton. Kilianzishwa mwaka 1762 na kupewa jina la Cecilia Renton, mke aliyeolewa katika ukoo wa Smollett, ukoo uleule wa mwandishi wa riwaya Tobias Smollett. Maji ya Leven ni laini na mengi, na hiyo ndiyo sababu ya kila kitu kilichofuata. Viwanda vya kupausha, kutia rangi na kuchapa nguo vilijaa kandokando ya mto, na bonde zima likajulikana kwa pamba yake nyekundu, ile nyekundu kali isiyochuja kwa jua wala kwa kufuliwa, iliyosafirishwa kwa wingi hadi India. Kuipata rangi hiyo kulihitaji mafuta, shabu, kinyesi cha ng'ombe, hata damu, na vitambaa vilizamishwa na kukaushwa mara nyingi mno. Vijana wa viwanda hivyo walikuwa na misuli, walifahamiana tangu utotoni, na Jumamosi mchana walikuwa huru.

Kabla ya kandanda walicheza shinty, mchezo wa magongo wa Waskoti wa nyanda za juu. Kisha mwaka 1872 Queen's Park, klabu ya Glasgow iliyoshika usukani wa soka la Uskoti, ilikuja bondeni kuonyesha namna mpira wa miguu unavyochezwa. Mwaka huohuo Renton, Vale of Leven ya mji jirani wa Alexandria, na Dumbarton zikaanzishwa. Kombe la Uskoti lilipoanza Oktoba 1873, Renton walikuwa uwanjani siku ya kwanza kabisa na kuwatoa Kilmarnock.

Kuanzia 1874 hadi 1888 kombe hilo lilitolewa mara 15. Queen's Park walilichukua mara nane. Hibernian wa Edinburgh mara moja. Mara sita zilizobaki zilikwenda katika bonde hili moja: Vale of Leven mara tatu mfululizo, 1877 hadi 1879, Dumbarton mwaka 1883, Renton 1885 na 1888. Fainali ya 1885 ilikuwa ya majirani. Renton na Vale walitoka suluhu, wakarudiana, Renton wakashinda 3-1. Unaweza kukisia Jumatatu ile ilikuwaje kwa wafanyakazi wa vijiji viwili vinavyotembeleana kwa miguu.

Timu ya 1888 ndiyo iliyobaki midomoni mwa watu. Katika fainali waliwafumua Cambuslang 6-1. Siri yao, kwa jinsi ninavyoelewa, ilikuwa katikati: Bob Kelso, James Kelly na Donald McKechnie, viungo watatu katika zama ambazo timu nyingi zilikuwa zimezoea wawili. Kelly aliyesimama katikati hakuwa beki kama tunavyomjua beki wa kati leo. Alikaba, akanyang'anya, kisha akapanda na mpira kuanzisha mashambulizi. Wanakijiji walikuwa na maelezo yao mengine. Walisema nguvu ilitokana na kinywaji cha mazoezini, mayai mabichi yaliyokorogwa katika mvinyo mtamu wa port. Kila mtaa wenye timu nzuri huwa na dawa yake.

Kikosi hicho hakikudumu hata mwaka. England ilikuwa imeruhusu mchezaji kulipwa tangu 1885, ilhali Uskoti ilishikilia ridhaa hadi 1893, kwa hiyo mawakala wa klabu za kusini walizunguka bondeni wakiwa na noti mfukoni. Kelso akaenda. Harry Campbell akaenda Blackburn Rovers. Beki Andrew Hannah akaenda Everton, akawa nahodha wao walipotwaa ubingwa wa ligi mwaka 1891, kisha akavuka kuwa nahodha wa Liverpool klabu hiyo ilipoanza. Pigo zito zaidi lakini lilitoka karibu. Celtic ilikuwa ndiyo kwanza imezaliwa Glasgow, na ilihitaji jina kubwa. Ikamchukua Kelly. Kisheria wachezaji wote wa Celtic walikuwa wa ridhaa. Watu waliona tu kwamba haikupita muda Kelly akawa mwenye baa. Neil McCallum, winga wa Renton, alifunga bao la kwanza kabisa la Celtic, dhidi ya Rangers, Mei 28, 1888, siku tisa tu baada ya ule ubingwa wa dunia. Kelly mwenyewe alikuja kuwa mwenyekiti wa Celtic, na mwanawe Robert ndiye aliyekalia kiti hicho klabu ilipobeba Kombe la Ulaya mwaka 1967.

Yaliyofuata yana kejeli ambayo mtunzi wa hadithi angeogopa kuibuni. Barua za kuziita klabu kwenye mkutano wa kuunda Ligi ya Uskoti, Machi 1890, ziliandikwa na Peter Fairly, katibu wa Renton. Klabu 11 zikaanza ligi msimu huo. Muda si mrefu St Bernard's ya Edinburgh ikafungiwa kwa kosa la kuwalipa wachezaji, ikajibadilisha jina kuwa Edinburgh Saints ili iendelee kupata mechi. Renton wakakubali kucheza nao. Chama cha soka kikaitimua Renton na matokeo yake yote yakafutwa. Ilikuwa imecheza mechi tano za ligi iliyoiasisi yenyewe.

Walirejeshwa 1891, lakini utaratibu mpya haukuwa rafiki wa kijiji. Zamani timu iliishi kwa kombe na mechi za kirafiki, ikichagua mpinzani anayejaza uwanja. Ligi ilidai mechi kila wiki, nauli za treni, na baada ya 1893 mishahara ya wazi. Celtic na Rangers walikuwa na maelfu ya vibarua wa Glasgow mlangoni. Renton walikuwa na majirani zao, nao hata wakija wote hawatoshi. Vale of Leven walimaliza msimu wa 1891/92 bila ushindi hata mmoja. Renton wakashuka daraja 1894.

Hata hivyo mwaka uliofuata, wakiwa Daraja la Pili, walipenya hadi fainali ya Kombe la Uskoti, na waliowangoja huko walikuwa St Bernard's, walewale wa Edinburgh. Walifungwa 2-1. Msimu wa 1897/98 walicheza mechi nne, wakajitoa kwenye ligi, na Hamilton Academical ikazichukua ratiba zao. Klabu ilijikongoja katika soka la chini hadi ilipovunjwa mwaka 1922.

Kati ya zile 11 zilizoanza ligi, zilizodumu tangu siku hiyo hadi leo ni tano: Celtic, Rangers, Hearts, St Mirren, na Dumbarton peke yake kutoka bondeni. Tontine Park ilijengwa nyumba. Ushindi wa 6-1 dhidi ya Cambuslang bado haujapitwa katika fainali yoyote ya Kombe la Uskoti. Celtic waliufikia mwaka 1972, dhidi ya Hibernian.